Ukurasa wa Sitini na Moja

Kuna watu wawili siwezi kukaa nao meza moja: anayekula huku anaongea na simu, na anayebonyeza Enta ili afike ukurasa mwingine. Wa kwanza naweza kumsamehe, maana njaa haina adabu. Wa pili hapana. Mtu amemaliza sura, anataka sura mpya ianzie juu ya karatasi mpya, basi anagonga Enta, anagonga, anagonga mara thelathini, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, mpaka ukurasa uishe. Akitazama kwenye kioo cha kompyuta anaona kazi safi. Kesho yake bosi anaongeza sentensi moja kule mbele, na kila kitu kinateleza. Kichwa cha habari kinabaki peke yake chini ya ukurasa, maneno yake yamehamia ng'ambo, na katikati ya ripoti umekaa ukurasa mweupe ambao hakuna aliyeuomba. Ndipo wananiletea mimi, mpiga chapa wao.

Kwa miaka ishirini na sita nimewaimbia wimbo mmoja: ukurasa hausukumwi, ukurasa hukatwa. Amri yake ipo. Unaiambia programu, kata hapa, anza upya. Au unaiambia, mstari huu usitengane na unaofuata, mmoja akihama na mwenziwe ahame. Ukishaamuru hivyo, waongeze wanavyotaka na wapunguze wanavyotaka, wale wawili wataongozana. Ofisini wananiita Bi Pambizo, kwa sababu pambizo ikipinda naiona nikiwa bado mlangoni, tena bila miwani. Mume wangu, dereva mstaafu ambaye siku hizi kazi yake ni kuchunga redio, anasema siku nikifa nitaamka niwagombeze wachimba kaburi kwamba kingo hazilingani. Namwacha aseme. Kazi yangu naijua.

Nayatanguliza haya ili msije mkadhani kosa ninalotaka kulisimulia lilifanywa na mwanagenzi.

Jengo la ghorofa sita lilianguka asubuhi moja, watu wakiwa bado wanakunywa chai. Ikaundwa Tume ya kuchunguza, na Tume haiendi bila karatasi, kwa hiyo nikaazimwa kutoka ofisini kwangu. Tulipewa vyumba viwili juu ya ghala la viti. Meza yangu ilikuwa dirishani, chini ya feni yenye bawa moja lililolegea. Aliyetuongoza alikuwa Katibu wa Tume, mtu mwembamba asiyevua koti hata feni ikigoma. Ripoti ilifika kurasa mia mbili na arobaini: zege, nondo, vibali, mahojiano. Lakini Katibu alisisitiza kwamba orodha ya waliofariki iwekwe mapema, kabla ya habari za zege. "Watu kwanza," alisema, "saruji baadaye." Hapo nilimpenda.

Orodha ile ilipangwa kwa nyumba. Kila nyumba na kichwa chake, na chini yake jedwali dogo: jina, umri, uhusiano, na siku mwili ulipopatikana. Watu tisini na watano. Niliipanga mara moja nikaiacha, kwa sababu ukiitazama sana mikono inakuwa mizito.

Wiki ya mwisho ndugu waliitwa waje kuhakiki majina. Walikuja mezani kwangu mmoja mmoja. Wengi walikuwa na herufi tu ya kusahihisha, na walishukuru kupita kiasi kwa herufi hiyo.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, akaingia fundi cherehani. Niliujua ufundi wake kwa sindano mbili zilizochomekwa kwenye ukosi wa shati na kipande cha uzi mweusi begani. Nilimwambia mara mbili aketi ndipo akaketi. Nikamwekea mbele rasimu, ukurasa wa sitini na moja, chini kabisa: Nyumba namba kumi na nne. Mke wake. Binti wa kwanza, miaka kumi na mitatu. Binti wa pili, miaka kumi. Alipitisha kidole chini ya kila jina bila kuligusa.

"Majina ni sahihi, baba?"

"Sahihi." Akatazama chini ya jina la mwisho. "Mdogo yuko wapi?"

"Geuza karatasi."

Akageuza. Mdogo, miaka mitano, alikuwa juu ya ukurasa wa sitini na mbili, mstari mmoja peke yake, na chini yake tu ikaanza Nyumba namba kumi na tano, watu saba wa familia nyingine. Fundi aliirudisha karatasi. Akaigeuza tena.

"Hata humu?" akasema.

Nikamuuliza hata humu nini. Alitoa sindano moja kwenye ukosi, akaichomeka palepale ilipokuwa.

"Mama, hawa watatu walipatikana siku ya tatu. Niliwazika pamoja, mguu kwa mguu. Huyu mdogo alipatikana siku ya tisa. Siku hiyo safu ile ya makaburi ilikuwa imeshajaa, wakampeleka kule karibu na ukuta, katikati ya watu asiowajua. Na yule mtoto hajawahi kulala peke yake hata siku moja. Ukimlaza kitandani kwake, asubuhi unamkuta katikati ya dada zake, miguu iko shingoni mwa mtu. Nimeomba ahamishwe, nimeambiwa kaburi likishafungwa limefungwa. Sawa, nimekubali. Lakini karatasi, mama? Karatasi nayo ina safu iliyojaa?"

Mimi si mtu wa machozi ofisini. Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza, nikakaa huko mpaka pua ikakauka.

"Karatasi haina safu iliyojaa," nikamwambia nilipoinuka. "Huyu nitamrudisha kwa mama yake. Mimi mwenyewe."

"Utaweza?"

"Baba, hilo ni sawa na mimi kukuuliza kama unaweza kushona kifungo."

Akatabasamu, au uso ulijaribu. Kisha akaniambia jambo ambalo nalisikia mpaka leo. Siku ya kukabidhi ripoti hakuwa amepanga kuja, angefuata nini? Lakini kama nitamrudisha mtoto, atakuja, atachukua nakala yake ampelekee mama mkwe wake. "Yule bibi hajanilaumu hata mara moja kwamba mimi nilikuwa kazini na wao wakawa ndani. Kila nikienda swali lake ni moja tu: mdogo analala na nani? Sina la kumjibu. Sasa nitamfungulia kitabu, nitamwekea kidole hapo."

Nikamwambia afungue bila wasiwasi. Ahadi ni deni, na sikuwahi kuahidi kwa moyo mweupe hivyo.

Niliona ni kazi ya dakika mbili. Mchana, foleni ya ndugu ilipokwisha, nikachagua mistari mitano, kichwa na majina manne, nikatoa amri yangu ya kila siku: msitengane. Hakuna kilichosogea. Nikarudia. Mdogo akabaki kulekule ng'ambo. Nikavua miwani, nikavaa, nikachungulia ndani. Orodha ilikuwa imetoka ofisi ya takwimu, na mtu wa huko, Mungu amsamehe, alikuwa ameyatia majedwali yote madogo ndani ya jedwali moja kubwa lisiloonekana, sufuria ndani ya sufuria. Amri zangu ziliishia kwenye sufuria ya nje. Dawa ilikuwa moja tu, kuyatoa yote na kuyajenga upya, nyumba baada ya nyumba. Kazi ya saa tatu, labda nne.

Ilikuwa imeshapita saa nane. Saa tisa faili lilitakiwa kwa mchapaji.

Katibu akasimama mlangoni na koti lake. "Bi Pambizo, gari liko chini."

"Dakika kumi, bosi."

"Hizo dakika kumi ni zilezile za asubuhi?"

"Hizo za asubuhi zilikwisha. Hizi ni mpya."

Alicheka, lakini hakuondoka. Alisimama palepale akitazama saa. Nami, nisiseme uongo, macho yangu hayakuwa sawa. Tangu fundi aondoke nilikuwa naiona miguu ya mtoto shingoni mwa dada yake. Nilitaka arudi kwa mama yake sasa hivi, nimwone amerudi, basi.

Nikaweka kishale mbele ya maneno "Nyumba namba kumi na nne". Nikabonyeza Enta. Nikabonyeza ya pili, ya tatu, ya nne. Familia nzima ikashuka, ikatua juu ya ukurasa wa sitini na mbili: kichwa, mama, na mabinti watatu chini yake, wamefuatana. Ilipendeza mno. Nikajiambia ni leo tu. Faili linakwenda kuchapwa, nani tena ataligusa? Nyani haoni kundule, nami nilikuwa nimelikalia.

Katibu alipochukua flashi na kushuka, nilimpigia fundi simu. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda mbio. Nilipojitaja ikasimama.

"Wako pamoja, baba."

"Ukurasa gani?"

"Sitini na mbili. Juu kabisa, huwezi kuwakosa."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

"Ahsante, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mtu mwenyewe. Nilisubiri nisikie cherehani ikianza tena kabla hajakata, lakini haikuanza.

Tulipewa mapumziko ya siku mbili. Nililala. Mume wangu anasema nilikoroma kwa mara ya kwanza tangu jengo lile lianguke, akapunguza redio kwa heshima ya tukio.

Nikiwa bado nimelala asubuhi yake, Katibu alipigiwa simu akiwa kwa mchapaji. Imegundulika kwamba mtu mmoja wa Nyumba namba kumi na mbili amehesabiwa mara mbili: mara moja kwa jina lake, na mara ya pili kwa jina la utani alilojulikana nalo sokoni. Kwa hiyo waliofariki ni tisini na wanne. Katibu akaketi kwenye kompyuta ya mchapaji, akamfuta yule wa pili, akasahihisha jumla, akahifadhi. Alifanya sawasawa kabisa. Kupunguza mtu mmoja kwenye orodha ile ni habari njema, hata kama ni mtu ambaye hakuwapo. Ila maelezo ya mtu huyo yalikuwa yamechukua mistari miwili.

Mimi sikuyajua hayo. Siku ya kukabidhi niliingia ukumbini nimevaa gauni langu la buluu. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa safu ishirini, na safu ya tatu ilikuwa imepinda, lakini siku hiyo sikuona haja ya kumgombeza mtu. Nilikaa nyuma. Wakubwa walisema yao. Kisha nakala zikaanza kugawiwa, zina majalada ya kijivu, bado zinanuka gundi.

Fundi alikuwa safu ya sita, kando. Alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, halina sindano hata moja. Aligeuka akanitafuta kwa macho, aliponiona akaweka mkono kifuani. Nami nikaweka wangu. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kiasi kile, na nimeandika hotuba za watu wakubwa.

Akapokea kitabu. Hakuanza mwanzo. Alihesabu kurasa kwa kidole gumba, polepole, mpaka akafika. Akakifungua juu ya magoti.

Mtu anayesoma alichokitarajia hutulia. Fundi hakutulia. Aliinamisha kichwa karibu zaidi. Akageuza karatasi nyuma, akatazama chini ya ukurasa. Akairudisha mbele. Akaigeuza tena nyuma. Nyuma, mbele, nyuma, mbele, na pale nilipokaa, safu kumi na mbili nyuma yake, nilijua, kwa sababu hakuna kitu kinachogeuzwa hivyo isipokuwa kilichokatika.

Nilinyakua nakala kwenye mkono wa jirani yangu, sikumwomba hata radhi. Ukurasa wa sitini na moja. Katikati mwa sehemu ya chini, pengo jeupe la mistari minne, Enta zangu nne, zimekaa wazi kama meno yaliyong'oka. Chini ya pengo: Nyumba namba kumi na nne. Chini ya kichwa hicho, mstari wa mwisho wa ukurasa: mama yao. Basi. Nikageuza. Juu ya sitini na mbili, bila kichwa, bila mama, mabinti watatu. Mistari miwili ya yule mtu wa sokoni ilipotoka, kila kilichokuwa chini yake kilipanda mistari miwili, na mle chini ya sitini na moja zikapatikana nafasi mbili tu. Kichwa kikachukua ya kwanza. Mama akachukua ya pili. Watoto hawakupata.

Kama ningetoa amri, wasingetengana hata angefutwa nani. Nilikuwa nimewasukuma. Niliyewasukuma ni mimi.

Nilimfikia fundi watu wengine wakiwa wanapiga makofi. Nilipiga magoti kando ya kiti chake, gauni la buluu na vumbi lile.

"Baba, hiki sicho nilichokiacha. Nakuapia. Walikuwa pamoja."

Hakunitazama. Kidole chake kilikuwa kwenye jina la mkewe.

"Mara ya kwanza aliyepotea alikuwa mdogo peke yake," akasema taratibu, kama anayehesabu vifungo. "Sasa ni wote." Akageuza karatasi. "Tazama. Nikitaka kuwaona watoto, lazima nimlaze mama yao kifudifudi. Nikitaka kumwona mama yao, nawafunika watoto."

"Nisamehe."

"Si neno, mama. Umejitahidi."

Laiti angenitukana. Laiti angekirusha kile kitabu kikanipiga usoni. Umejitahidi! Neno hilo nimewaambia watu wengi walioniletea kazi mbovu, na sikujua lina makali upande wa pili. Alikifunga kitabu, akakiweka kwenye kiti kwa mikono miwili, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kitabu kikabaki kwenye kiti. Nikajua kwamba jioni ile hatakwenda kwa mama mkwe wake.

Nilimkabili Katibu palepale, kabla hajanywa maji yake.

"Tuchape upya."

"Nakala mia sita, Bi Pambizo? Lingekuwa kosa la jina, ningechapa. Hili ni la mpangilio."

"Ni kosa."

"La nani?"

Alinieleza basi habari ya simu na mtu wa sokoni, na akaanza kuomba radhi, maskini, akidhani ameharibu yeye. Ningeweza kumwachia. Ningesema, ndiyo, bosi, ulipofuta ndipo ulipoharibu, naye angelibeba maisha yake yote ndani ya lile koti.

"Langu," nikasema. "Nilibonyeza Enta."

Aliiweka chini glasi yake ya maji. Katika vyumba vile viwili juu ya ghala la viti hakuna mtu ambaye sikuwahi kumsimanga kwa Enta, naye akiwamo. Hakucheka. Nilitamani acheke.

Nyumbani nilimwambia mume wangu yote kabla sijavua viatu. Yule mtu hazimi redio hata akiletewa posa ya bintiye, lakini aliizima.

"Enta?" akauliza. "Wewe?"

"Nne."

Nilingoja mzaha. Mganga hajigangi, angesema, kinyozi hajinyoi. Badala yake alisogeza kiti chake karibu na changu.

"Kwa nini hukuwaambia wasubiri?"

"Gari lilikuwa chini, mzee. Lilikuwa linasubiri."

"Mke wangu," akasema, "mimi nimeendesha gari za ofisi miaka thelathini na moja. Unajua kazi yangu kubwa ilikuwa nini? Kusubiri. Nimesubiri watu wanyoe ndevu. Nimesubiri mtu amalize ugomvi na mkewe. Gari husubiri, mama watoto. Ungeomba saa nne zaidi, dereva angekunja kiti akalala."

Hapo ndipo nililia, kwa sauti, mpaka jirani akabisha hodi kuuliza nani amefariki. Mume wangu alikwenda mlangoni akamjibu kweli. "Watu wanne," akasema. "Zamani kidogo."

Asubuhi nilikwenda ofisini nikaufungua ule uchafu wa sufuria ndani ya sufuria. Nikalitoa jedwali kubwa. Nikazijenga nyumba zote upya, moja baada ya moja, kila jina, kila umri, kila siku ya kupatikana. Ilinichukua saa nne na dakika kumi. Nilipofika namba kumi na nne nilifuta Enta zangu, nikatoa amri kwa kila mstari: usitengane na anayefuata. Kisha nikawajaribu. Niliongeza mistari kumi kule mbele, wakashuka wote. Nikafuta ishirini, wakapanda wote. Nikawa nafanya hivyo tu, nawashusha, nawapandisha, na kila waliposimama mdogo alikuwa chini ya dada yake. Mtu akipita angedhani nacheza. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

Nilichapa ukurasa ule mmoja kwenye karatasi nzito, nikautia kwenye bahasha ngumu isiyokunjika.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja kando ya duka la rangi. Sare za shule zilining'inia ukutani, ndogo kwa kubwa, na nilijikaza nisizitazame zile ndogo. Alinikaribisha kwenye benchi la wateja, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza mzee hajambo. Mtu niliyemvunja moyo ananiuliza hali ya nyumbani! Nikampa bahasha.

Aliifuta meza ya kukatia kwa kiganja kabla ya kuiweka karatasi. Akasoma. Kidole kikapita chini ya kichwa, chini ya mke, binti, binti, binti.

"Wako sawa," akasema.

"Sasa hawatengani. Hata aje nani. Waongeze, wapunguze, hawatengani."

"Naona."

"Mama mkwe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kitabu hakijatoka." Akaendelea kuitazama karatasi. "Nitampelekea hii. Atafurahi." Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nilidhani nikiwaona hivi nitapumua."

Nikaisogeza bahasha tupu kando ya meza.

"Unajua, mama, nilipokuwa nawapigania hawa warudi pamoja, nilikuwa na shughuli. Nilikwenda makaburini, nikaja kwenu, nikaja ukumbini. Sasa wamekamilika. Mama yupo, watoto wapo, basi, nyumba imefungwa." Akaweka kidole kwenye kichwa, pale palipoandikwa Nyumba namba kumi na nne. "Na nyumba hii tulikuwa watano. Sasa aliyebaki ukurasa mwingine ni mimi."

Cherehani yake ilikuwa kimya. Kwenye duka la rangi mtu alikuwa anagongea kopo lifunguke.

"Naomba kitu kimoja," akasema. "Hapa chini ya mdogo. Mstari mmoja mtupu. Usiandike chochote. Uache tu."

Nilimwelewa, na uchungu ukanipanda na hasira pamoja, maana ndivyo nilivyo, sijui kuhuzunika bila kugomba.

"Hapana, baba," nikasema. "Miaka ishirini na sita siweki mistari mitupu. Niliiweka siku moja, umeona yaliyotokea. Ile ni orodha ya waliofariki. Wewe umekaa hapa, una sare za watu za kumaliza. Siweki. Nenda kwa mtu mwingine." Na sauti ikanikatikia hapo hapo, nikaishia kuupangusa uso kwa ncha ya mtandio.

Alitikisa kichwa polepole, kama mteja aliyeambiwa kitambaa hakitoshi. Hakubishana. Alivuta rula yake ya mbao, akachukua kipande cha chaki ya buluu, ile ya kuchorea nguo, akailaza rula chini ya jina la binti wa mwisho. Akachora mstari mmoja, umenyooka, urefu sawa na ile minne ya juu yake.

"Hiyo inafutika," nikamwambia.

"Najua, mama. Chaki ya fundi hufutika."

Akarudi kwenye cherehani, akaingiza uzi kwenye sindano, akaanza kushona kola ya shati dogo la shule. Brashi ya kufutia chaki ilikuwa mezani, kati yetu, karibu na mkono wangu kuliko wake. Nilikaa kwenye benchi la wateja mpaka akafunga duka, na sikuigusa.